Geji ya Joto la Maji

Madereva wetu wana kauli moja kwa balaa lote: gari limechemsha. Kauli hiyo haina kasoro, kwani kinachochemka hasa ni maji. Kasoro iko kwenye jina la kile kishale cha dashibodi kinachopaswa kutuonya mapema. Gereji wanakiita temperecha au geji ya joto. Wapenda Kiswahili cha vitabuni husema kipimajoto cha injini. Hili la mwisho silikubali, maana pale hakuna injini inayopimwa. Yanapimwa maji ya kupozea, tena mahali pamoja tu, ilipofungwa sensa. Wajapani, ambao magari yao yamejaa barabara zetu, hukiita suionkei, yaani kipima joto la maji. Nami nachukua geji ya joto la maji.

Jina linabadilisha utambuzi wa ubovu. Bomba likipasuka na maji yakamwagika, sensa inaweza kubaki hewani na mshale ukashuka. Aliyezoea "joto la injini" atadhani imepoa na kuendelea kukanyaga mafuta huku silinda hedi inapinda. Anayejua kwamba anasoma maji atajiuliza maji yenyewe yamekwenda wapi.

Kisha kuna umeme. Ukinzani wa sensa hupungua joto linapopanda. Kwenye geji nyingi za waya mmoja, waya ukikatika mshale hulala kwenye C ya baridi, na waya ukigusa bodi mshale unaruka hadi H ya moto. Basi mshale ukipanda ghafla alfajiri, umefungua swichi tu na injini bado baridi, mwite fundi umeme. Rejeta haina kosa. Mshale ukipanda kwenye foleni na kushuka gari likishika mwendo, anza na feni. Mshale ukipanda kwenye mlima mrefu kama Kitonga, shuku rejeta iliyoziba au maji pungufu.

Magari mengi ya kisasa yamefanya mambo kuwa magumu zaidi: mshale umepangwa utulie katikati hata joto likitofautiana kwa nyuzi nyingi, dereva asihangaike. Ukija kusogea, umechelewa. Mashine ya fundi ya kusomea kompyuta ya gari hutoa nyuzi halisi.

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba gari linaweza kuchemsha mshale ukiwa pale pale katikati. Kifuniko cha rejeta hubana maji kwa shinikizo la karibu bar 1, na maji yaliyobanwa hivyo hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 120. Kifuniko kikilegea, kinga hiyo inapotea. Nairobi, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, maji matupu huchemka kwenye nyuzi 94 au 95, na injini nyingi hufanya kazi kati ya 85 na 100. Maji yatatokota bila injini kuzidisha joto lake la kawaida. Kabla ya kung'oa rejeta, badilisha kifuniko, injini ikiwa imepoa kabisa.