Tope la Sabaki na tumbawe lililoweka kumbukumbu za miaka 300

Wasomaji wangu, leo tuache kidogo hifadhidata na simu. Nataka tuzungumzie tope.

Mto ni mmoja, majina matatu. Karibu na Nairobi ni Athi, ukishakutana na Tsavo ni Galana, ukikaribia bahari ni Sabaki. Mdomo wake uko kaskazini ya mji wa Malindi, na kusini yake kuna matumbawe yaliyolindwa tangu 1968, hifadhi ya bahari ilipoanzishwa. Mvua ikinyesha bara, maji mekundu hushuka. Anayetaka kuandika modeli ana maswali mawili: tope linakwenda wapi, na ni kiasi gani?

La kwanza si geni kwa watu wa pwani. Kusi ikivuma, maji husukumwa kaskazini. Kaskazi ikivuma, hurudi kusini. Mwaka 1984 mtafiti Brakel alichapisha uchambuzi wa picha za setilaiti za Landsat, na tope lilionekana likifuata pepo hizo hizo. Kwa hiyo mafuriko ya Mei mengi hupita mbali na matumbawe. Ya vuli, kaskazi inapoanza, ndiyo hatari.

Ndani ya tarakilishi, bahari hukatwa vipande kama karatasi ya hesabu. Hesabu za mawimbi ya kujaa na kupwa ni za Laplace, miaka ya 1770. Tatizo ni muda. Mwaka 1928 Courant, Friedrichs na Lewy walionyesha kwamba wimbi lisiruke zaidi ya kipande kimoja kwa hatua moja, la sivyo majibu hulipuka. (Kama umewahi kuona NaN zikijaa kwenye skrini, unanielewa.) Kwenye kina cha mita 10, wimbi refu hukimbia karibu mita 10 kwa sekunde. Vipande vikiwa vya mita 100, hatua isizidi sekunde 10. Mwaka mmoja ni zaidi ya hatua milioni tatu! Hapo bado hujaweka tope.

Lakini mashine hununuliwa. Swali la pili ndilo gumu, kwa sababu modeli bila kiasi cha tope kinachoingia mdomoni ni mchezo tu, na zamani hakuna aliyekuwa akipima.

Tumbawe lilikuwa likipima. Hukua kwa tabaka za kila mwaka, mithili ya mti. Udongo wa mfinyanzi hubeba bariamu. Ukifika kwenye maji ya chumvi huiachilia, na tumbawe huiingiza kwenye mifupa yake mahali pa kalsiamu. Ni faili la kumbukumbu za seva, ila hakuna aliyelifuta.

Mwaka 2007 Fleitmann na wenzake walichapisha walichokisoma kwenye tumbawe moja la Malindi lenye miaka 300 hivi. Kuanzia 1700 hadi 1900 tope halibadiliki sana. Baada ya hapo linapanda bila kurudi: reli ilifika Nairobi 1899, walowezi wakafuata, misitu ikakatwa, watu wakaongezeka. Kilele ni 1974 hadi 1980, mara tano hadi kumi ya kiwango cha asili, baada ya ukame mkali wa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ardhi ilikuwa uchi mvua ziliporudi.

Kwa hiyo ukiiendesha modeli yako kwa mwaka 1850, usiweke tope la leo mdomoni mwa mto. Utaua matumbawe yaliyokuwa hai.