Mwenye Nyumba na Mpangaji: Fundisho kutoka Usukuma

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huichukua methali hii kuwa ni ya kumhimiza mgeni afanye kazi. Sisi tunaona kwamba inamhusu mwenyeji pia, kwa kuwa jembe halina faida bila ya ardhi ya kulima. Ampaye mgeni jembe amekwisha kumkubali kuwa mwenzake.

Katika Usukuma wa zamani, pamoja na nchi ya Bariadi, ardhi ilikuwa dhamana ya mtemi. Mtu aliyetaka makazi alimwendea mwanangwa, mkuu wa kijiji, naye akamwonyesha mahali pa kujenga na kulima. Alichodaiwa zaidi ni ujirani mwema: kushirikiana na wenzake kazini na msibani. Mapatano hayo hayakuandikwa, lakini yalikuwa na shahidi, nacho ni kijiji kizima.

Si kila mahali mambo yalikuwa hivyo. Huko Bukoba na Karagwe, katika mashamba ya nyarubanja, mkulima alimlipa bwana wa ardhi kwa ajili ya shamba alilolihudumia mwenyewe kwa jasho lake. Mwaka 1965 Serikali ilitunga sheria ya kumkomboa mkulima huyo. Ni dhahiri kwamba pale upande mmoja unapokuwa na nguvu zote, ujirani hauwezi kustawi.

Utemi ulifutwa mwaka 1963. Mwaka 2012 Mkoa wa Simiyu ulianzishwa, na Bariadi ikawa makao yake makuu. Mgeni wa mjini sasa ni mwalimu, karani au mnunuzi wa pamba. Haombi jembe, anaomba chumba. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo kiwango cha kodi ni jambo la kupatana. Hata hivyo Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka mpangaji alipe kodi na kuitunza nyumba, na inamtaka mwenye nyumba amwache mpangaji akae kwa utulivu.

Sisi tuliowahi kuhamishwa kikazi tunaijua fadhaa ya kuambiwa asubuhi kwamba kodi imepanda. Tunawajua pia wapangaji waliohama usiku na kuacha deni. Makosa hayo mawili yana chanzo kimoja: mapatano yamekosa shahidi.

Basi shahidi wetu wa leo na awe karatasi iliyotiwa saini na pande zote mbili, pamoja na stakabadhi ya kila malipo, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Kuandikiana si kutoaminiana. Ni kuurudisha ule ushahidi wa kijiji kizima ndani ya mji ambao watu wake bado hawajafahamiana.