Mchicha, Beseni na Mazungumzo: Kazi za Nyumbani kama Uwanja wa Kujifunzia wa Mtoto Mdogo

Mijadala kuhusu malezi ya mtoto wa kati ya mwaka mmoja na mitatu, yaani yule aliyekwisha kusimama dede na kuanza kuzurura kila pembe ya nyumba lakini bado hajafikia umri wa chekechea, imezoea kuanzia kwenye vifaa: anunuliwe nini, achezee nini, aonyeshwe nini ili atulie na papo hapo ajifunze. Makala haya yanashikilia kwamba mjadala ukianzia hapo huwa umekwisha kupotea njia. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, pawe kijijini au mjini, penye mengi zaidi ya kumfunza mtoto huyo ni katika kazi zinazofanyika kila siku mbele ya macho yake, za kupika, kufua, kufagia na kuchota maji. Na kinachopungua mara nyingi si vitu, bali ni ruhusa ya mtoto kuzishiriki kazi hizo pamoja na maneno ya kuusindikiza ushiriki wake.

Kwamba nyumba humkuza mtoto kwa kadiri ya yale inayomzoeza ni jambo lililothibitishwa nchini Kenya takriban nusu karne iliyopita. Kwa muda mrefu wataalamu wa kigeni walikuwa wakieleza kwamba watoto wa Kiafrika huwahi kukaa na kutembea kwa sababu ya maumbile yao tu. Charles Super, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wakipsigis wa Kokwet na kuchapisha matokeo yake mwaka 1976, alionyesha kwamba wazazi wa pale walikuwa wakiwafundisha watoto wao makusudi kukaa, kusimama na kutembea, na kwamba ni katika stadi hizo hizo ndipo watoto waliwatangulia wenzao wa Marekani; katika kutambaa, ambako hakukuwa na mafunzo ya namna hiyo, hawakuwatangulia. Baadaye, mwaka 1986, Super na mwenzake Sara Harkness walilieleza wazo hilo kwa upana zaidi kwa kusema kwamba kila mtoto hukulia ndani ya kiota cha makuzi, na maana yao ilikuwa ni muungano wa mazingira anamoishi, desturi za malezi zinazofuatwa humo, na imani walizonazo walezi kuhusu mtoto ni nani na anaweza nini. Sehemu hiyo ya tatu ndiyo inayosahaulika kwa urahisi, ilhali ndiyo inayoamua iwapo mtoto atakabidhiwa mwiko au atafukuzwa jikoni.

Mtoto mwenyewe hahitaji kubembelezwa ili ashiriki. Felix Warneken na Michael Tomasello, katika utafiti uliotolewa mwaka 2006 katika jarida la Science, waliwaweka watoto wa miezi 18 mbele ya mtu mzima wasiyemzoea ambaye aliangusha kibanio cha nguo na kujifanya kushindwa kukifikia, au aliyekuwa na mikono iliyojaa mizigo mbele ya kabati lililofungwa. Wengi wa watoto hao walimwokotea au kumfungulia bila kuombwa, bila kusifiwa na bila kuahidiwa zawadi yoyote. Katika utafiti wao wa mwaka 2008, watoto wa miezi 20 waliopewa zawadi ya kitu baada ya kusaidia walipunguza ari ya kusaidia mara zilizofuata. Kwa hiyo mtoto anayeng'ang'ania fagio la mama yake si mtundu anayehitaji kupoozwa kwa simu au peremende. Ni mtu anayeomba kuingizwa katika shughuli za watu wake, na kila anaponyang'anywa fagio kwa sababu ataongeza uchafu, hufundishwa kwamba kazi ya nyumba haimhusu. Somo hilo humkaa, na miaka saba baadaye wazazi huanza kulalamika kwamba kijana hajishughulishi.

Inafaa kuitazama kazi moja kwa karibu, nayo ni kuchambua mchicha. Mlezi ameketi mkekani, fungu la mchicha liko upande mmoja na beseni upande wa pili. Anakwanyua majani, anayatia beseni, na mabua magumu anayatupa kando. Mtoto wa miaka miwili akipewa shina lake mwenyewe hukabiliwa na maamuzi ambayo hakuna mchezo wa dukani unaoyapanga vizuri kuliko hapo: lipi ni jani na lipi ni bua, lipi zima na lipi limetobolewa na mdudu, lipi laini la kuvunjika kwa vidole viwili na lipi gumu linalotaka mikono yote. Kuainisha, yaani kugawa vitu katika makundi kwa sifa zake, ni msingi wa hisabati yote itakayokuja, na hapa kunafanyika kwa sababu yenye maana, kwa kuwa bua likiingia beseni litatolewa na jani likitupwa litaokotwa. Mtoto anakosea na kosa lenyewe linaonekana, halihitaji karipio.

Kisha mboga inasuuzwa, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila maji yanapomwagwa mchanga hubaki chini ya beseni huku majani yakielea juu. Mtoto anayetia mkono ndani ya maji hayo anagundua, kwa vidole kabla ya akili, kwamba vipo vizamavyo na vipo vielevyo. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, aliuita muda huu hadi kufikia takriban miaka miwili hatua ya hisi na matendo, kwa maana kwamba mtoto huwaza kwa kushika, kusukuma, kumwaga na kurudia. Anayemwaga maji kutoka kikombe cha bati hadi sufuria, na kutoka sufuria hadi kikombe mpaka yanafurika, yumo katika uchunguzi halisi wa ujazo, hata kama mlezi anaona sakafu iliyolowa tu. Lev Vygotsky wa Urusi aliongeza jambo ambalo Piaget hakulitilia uzito wa kutosha: lipo eneo la ukuaji wa karibu, ambalo ni umbali kati ya kile mtoto anachoweza peke yake na kile anachoweza akisaidiwa na aliyemzidi ujuzi, na kujifunza kwenye tija hutokea ndani ya umbali huo. Mtoto wa miaka miwili hawezi kupika mchicha, lakini anaweza kuchambua shina moja mlezi akichambua kumi, na mapishi yale yanakuwa yake pia.

Hata hivyo haitoshi kusifu kazi na kuishia hapo, kwa kuwa mtoto anaweza kuwepo penye kazi kutwa nzima bila kuambiwa neno. Robert LeVine na wenzake, waliowachunguza akina mama wa Kigusii wa Kenya katika miaka ya 1970 na kutoa kitabu juu yao mwaka 1994, walikuta malezi yenye uangalifu mkubwa wa mwili: mtoto alibebwa, alinyonyeshwa, kilio chake kilijibiwa upesi kuliko ilivyokuwa kwa akina mama wa Boston waliolinganishwa nao, lakini alisemeshwa kidogo sana. Malezi hayo yalikuwa na busara yake pale ambapo hofu kubwa ilikuwa kifo cha mtoto, na hakuna haki ya kuyadharau. Ila leo mtoto huyo huyo anatarajiwa kuingia darasa ambalo karibu kila kitu hupitia kwenye lugha, na mgongo uliombeba kwa upendo hauwezi kumpa msamiati ambao hakuna aliyeutamka.

Uzito wa maneno na mchezo wenye kusudi ulipimwa kwa uwazi wa kipekee Kingston, Jamaika. Sally Grantham-McGregor na wenzake walianza katika miaka ya 1980 kuwafuatilia watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24, kutoka mitaa ya watu maskini. Baadhi walipewa lishe ya nyongeza. Wengine walitembelewa kila wiki kwa miaka miwili na wahudumu wa afya ya jamii, wanawake wasio walimu, waliomwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mtoto wake kwa vitu vilivyotengenezwa kwa mikono, vingine kutokana na chupa na maboksi ya kutupwa. Wengine walipata yote mawili, na wengine hawakupata lolote kati ya hayo. Matokeo ya kwanza, yaliyotolewa mwaka 1991, yalionyesha kwamba mchezo na mazungumzo viliinua ukuaji wa akili. Takriban miaka 20 baada ya mpango huo, katika ripoti ya mwaka 2014 iliyoongozwa na Paul Gertler, vijana waliotembelewa walikuwa wakipata kipato kilichozidi kwa asilimia 25 kile cha wenzao ambao hawakutembelewa, ilhali lishe ya nyongeza peke yake haikuacha alama ya namna hiyo. Kinachostahili kuangaliwa ni kwamba vifaa vilikuwa vya bei ya bure. Kilichogharimu ni muda wa mtu aliyeketi na mama na kumfanya aamini kwamba kuzungumza na mtoto asiyejibu sentensi nzima si kupoteza pumzi.

Mtu huyo wa kuzungumza na mtoto si lazima awe mama. Thomas Weisner na Ronald Gallimore, katika makala yao mashuhuri ya mwaka 1977, walieleza jinsi katika jamii nyingi za dunia, wakiwemo Waluhya wa magharibi mwa Kenya aliowachunguza Weisner, ulezi wa mtoto aliyeacha kubebwa hupita mikononi mwa kaka na dada zake. Binti wa miaka tisa anayempikilisha mdogo wake kwa kifuu cha nazi, mchanga na majani ya mwarobaini hutenda mambo ambayo mtu mzima hayawezi kwa urahisi: anacheza kwa dhati, anarudia bila kuchoka, na anamtaka mdogo wake aseme, kwa kuwa mchezo hauendi mgeni asipobisha hodi na mwenyeji asipomkaribisha. Hapa ndipo vipimo vya kimataifa vinapokwama. Katika tafiti za kaya zinazosimamiwa na UNICEF, mlezi huulizwa iwapo katika siku tatu zilizopita mtu wa kaya mwenye umri wa miaka 15 au zaidi alimsomea mtoto kitabu, alimsimulia hadithi, alimwimbia, alimtoa nje, alicheza naye, au alimtajia vitu, kuhesabu au kuchora naye. Ni kweli kwamba dodoso hilo linakubali vyungu, vijiti na makombe kuwa vitu vya kuchezea, na kwa hilo linastahili sifa. Lakini binti wa miaka tisa hahesabiwi, na mchicha hauulizwi. Nyumba yenye shughuli tele inaweza kuandikwa kuwa nyumba isiyomchangamsha mtoto kwa sababu tu kinachomchangamsha hakina kisanduku chake cha kuwekea alama.

Mjini hali ni ngumu zaidi, na haifai kuwahukumu wazazi kwa haraka. Katika chumba cha kupanga, mama yuko kibaruani, ndugu wakubwa wako shuleni, na yaya, ambaye mara nyingi ni msichana aliyekwisha kuchoka kabla ya saa nne asubuhi, ameambiwa kwanza nguo zifuliwe na mtoto asiumie. Runinga au simu hutimiza sharti la pili kwa urahisi. Kasoro ya skrini kwa umri huu ni kwamba haimjibu mtoto. Patricia Kuhl na wenzake, mwaka 2003, waliwasikilizisha watoto wa Marekani wenye miezi tisa lugha ya Kichina: waliochezewa na kusomewa na mtu aliyekuwa mbele yao walijifunza kutofautisha sauti za lugha hiyo, na waliotazama mtu yule yule kwenye video hawakujifunza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unapendekeza mtoto wa mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili isizidi saa moja kwa siku, huku wote wakipata angalau dakika 180 za kujongea. Yaya yule yule, akielekezwa na kuheshimiwa, anaweza kumpa mtoto beseni dogo na soksi mbili za kufua pembeni yake na kumsemesha huku kazi ikiendelea. Haongezewi kazi ya pili, ila anabadilishiwa namna ya kuifanya ile ya kwanza. Mwajiri anayetaka hilo hana budi kukubali kwamba nguo zitachelewa kuanikwa.

Ushiriki huu una mipaka ambayo haijadiliki. Mtoto wa umri huu huweza kufa maji katika ndoo, hata yenye maji machache. Jiko la mkaa, mafuta ya taa yaliyotiwa katika chupa ya soda na dawa ya kufulia ni hatari za kila siku. Karanga, shanga na sarafu humkaba koo. Beseni la mtoto hukaa mahali ambapo mkono wa mlezi unalifikia, na humwagwa mara kazi inapokwisha.

Tanzania ilizindua mwezi Desemba 2021 Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayowalenga watoto kuanzia kuzaliwa hadi miaka minane na kusimama juu ya nguzo za afya bora, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Malezi yenye mwitikio, ambayo maana yake ni mlezi kuiona ishara ya mtoto na kuijibu, kwa kawaida hufundishwa kama shughuli ya pekee, yenye muda wake na midoli yake. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wangeweza kuanza kwingine, kwa kumkuta mlezi akiwa jikoni au kisimani, kumwuliza leo mtoto alisaidia nini, nani alikuwa akiongea naye wakati huo, na dada yake akitoka shule humfanyisha nini, kisha kujenga juu ya majibu hayo. Na maswali hayo matatu yakiingizwa katika madodoso ya kaya, umri wa aliyezungumza na mtoto ukaandikwa ulivyo badala ya kukatwa kwenye miaka 15, takwimu za nchi zitaweza kuonyesha ni nyumba zipi mtoto amekosa vitu, zipi amekosa nafasi ya kushiriki, na zipi amekosa wa kuongea naye; kila upungufu kati ya hayo unahitaji msaada wa aina yake.