NANI ANAMLISHA MWANDISHI? FUNZO LA MAGAZETI YA TANGA

Watu wengi wakizungumzia maadili ya mwandishi wa habari huanza na tabia yake: ni mkweli au mwongo, ni mwadilifu au mla rushwa. Sisi tunaona kuwa huko ni kushika matawi na kuacha shina. Kabla ya kupima tabia ya mwandishi, sharti tuulize anakula wapi, mtambo anaoutumia ni mali ya nani, na yule anayeandikwa ana nguvu gani juu ya riziki yake. Historia ya Tanga inalieleza jambo hili vizuri.

Tanga ni miongoni mwa mahali ambapo gazeti la Kiswahili lilipata mizizi mapema. Katika miaka ya 1890 misheni ya Magila, katika nchi ya Bonde, ilikuwa ikitoa Habari za Mwezi. Mwaka 1904 likaanza Kiongozi, gazeti la kila mwezi lililotolewa na shule ya serikali ya Wajerumani mjini Tanga. Shule hiyo ilifunguliwa ili utawala upate makarani, wakalimani, walimu na maakida wanaojua kusoma na kuandika. Gazeti lilipigwa chapa hapo hapo shuleni.

Sasa tutazame habari zilivyofika. Kiongozi lilitegemea barua kutoka wilayani. Waandishi wa barua hizo walikuwa, kwa sehemu kubwa, walimu, makarani na maakida, yaani watumishi wa serikali ile ile. Akida ndiye aliyesimamia ukusanyaji wa kodi ya nyumba iliyoanza mwaka 1898. Ndiye aliyeamua kesi ndogo. Ndiye aliyetafuta watu wa kazi. Kwa hiyo mtu ambaye matendo yake yalistahili kuwa habari ndiye aliyekuwa mpeleka habari, au rafiki yake wa darasani. Hiyo ndiyo kesi ya nyani kupelekewa ngedere.

Mwaka 1905 wananchi wa kusini walianza vita vya Maji Maji. Miongoni mwa sababu zake zilikuwa kilimo cha pamba cha kulazimishwa, kodi, na ukatili wa wasimamizi na maakida. Je, mtumishi wa serikali angewezaje kuandika katika gazeti la serikali kwamba akida ni chanzo cha vita? Kuandika hivyo kulikuwa ni kuhatarisha mshahara, na pengine kuchapwa kiboko. Hatuna haja ya kudai kwamba kila mwandishi wa Kiongozi alikuwa mwongo. Hata mtu mkweli, akiwekwa mahali pale, angeona nusu na kuandika robo.

Katika mji huo huo walowezi wa Kijerumani nao walikuwa na gazeti lao, Usambara-Post. Mkonge ulikuwa umeletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, na reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka huo ilifika Mombo mwaka 1905. Mashamba yalihitaji watu. Huko Wilhelmstal, ambako leo ni Lushoto, mwaka 1907 uliwekwa utaratibu wa kadi: mwanamume alitakiwa kumfanyia mlowezi kazi siku 30 katika kila miezi minne. Walowezi na magazeti yao walimshambulia Gavana Rechenberg wakidai kwamba hawasaidii vya kutosha kupata vibarua.

Msomaji asiye makini angesema: tazama, serikali inakosolewa, basi uhuru wa magazeti upo! Lakini ugomvi ule ulikuwa wa mabwana wawili juu ya mgongo wa mtu wa tatu. Msambaa mwenye kadi na Mnyamwezi aliyetembea majuma mengi kufika shambani hawakuwa na gazeti. Kelele za wakubwa si sauti ya mnyonge.

Hata hivyo, lazima tutende haki. Kiongozi lilichapisha pia mashairi ya watu wa pwani, na liliwazoeza watu wengi kuandika kwa ajili ya umma kwa Kiswahili. Waingereza walipoiteka Tanga mwaka 1916 gazeti lilikufa, lakini ujuzi haukufa. Chombo kilikuwa cha mkoloni. Mkono uliojifunza kukitumia ulikuwa wetu.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lililikabili tatizo hili hili kwa upande wa uongozi. Kiongozi alikatazwa kuwa na hisa katika makampuni, mishahara miwili, au nyumba ya kupangisha. Si kwamba kila mwenye nyumba ya kupangisha alikuwa mwizi, bali mtu mmoja hawezi kutumikia maslahi mawili yanayogongana. Tarehe 5 Februari 1970 gazeti la Standard lilitaifishwa. Lakini kubadili mwenye mali hakukumaliza swali: mhariri wake wa kwanza baada ya hapo, Frene Ginwala, aliondolewa mwaka 1971 baada ya tahariri iliyoikosoa serikali ya Sudan. Hata Chama kilichozaa Uhuru mwaka 1961 hakiko nje ya swali hili.

Televisheni imelizidisha. Zanzibar iliipata mwaka 1973, na Bara mwaka 1994. Kalamu ni rahisi. Kamera inahitaji gari, mafuta na watu. Mara nyingi gari ni la yule anayetangazwa, posho ni yake, na bahasha ni yake. Mkono mtupu haulambwi, wasema wahenga. Lakini ulimi unaolamba mkono hauwezi kuushitaki. Mtazamaji huona picha, haoni nani alilipa safari. Tangu mwaka 1995 sheria ya maadili inamtaka kiongozi wa umma atamke mali na maslahi yake. Kwa nini chombo cha habari kisiwaambie watazamaji nani aliyegharimia taarifa yake?

Basi makada na wanafunzi, kila mnapotazama taarifa ya habari, ulizeni maswali matatu: Nani amelipa? Nani amesemewa bila kuulizwa? Na mwandishi angepoteza nini kama angesema kinyume? Maswali hayo tuyaulize juu ya wapinzani wetu, na tuyaulize kwa ukali ule ule juu yetu wenyewe. Chama kinachopenda kusikia sifa tupu kutoka kwa watu kinaowalipa kitakuwa kimejijengea Kiongozi chake, na siku ya Maji Maji kitakuwa cha mwisho kupata habari.