Senge Alikimbia Kipimo, Nikamcheka

Kwetu Roret shangazi tunamwita senge. Miaka michache iliyopita senge wangu alienda kupimwa saratani ya mlango wa kizazi, akafika mlangoni, akageuza. Kisa na maana? Aliyekuwa anapima ni kijana aliyesoma na mtoto wake. "Nimvulie nguo leo, halafu Jumapili tukutane kanisani?" Akarudi zake kuchuma majani chai.

Nilimcheka sana. Juzi nimesoma historia ya hicho kipimo, na wasee, mjinga nilikuwa mimi.

Kipimo cha zamani kinaitwa Pap, kutokana na jina la George Papanicolaou, daktari Mgiriki aliyefanya kazi New York. Na unajua alianza na nani? Bibi yake, Andromache. Miaka na miaka huyo mama alikuwa akimtolea sampuli. Mwaka wa 1943 Papanicolaou na mwenzake Herbert Traut wakachapisha kitabu, kipimo kikaanza kuenea. Mwaka wa 1947 Ernest Ayre, daktari wa Kanada, akaleta kijiti cha mbao cha kukwangua seli palepale kwenye mlango wa kizazi. Kazi safi, lakini ni lazima ulale, upanuliwe na chuma, na mtu mwingine aangalie ndani.

Halafu mwaka wa 1983 Harald zur Hausen na wenzake Ujerumani wakapata kirusi cha HPV 16 kwenye uvimbe wa saratani hii. Mwaka wa 2008 akapewa tuzo ya Nobel. Sasa skiza hapa: ukitafuta kirusi, si lazima uone mlango wa kizazi. Kirusi kinapatikana hata ukeni. Kwa hivyo mwanamke anapewa brashi ndogo, anajifungia peke yake, anaingiza, anazungusha, anairudisha kwa chupa yake. Imeisha.

Hapa Kenya hii kitu si ngeni. Mwaka wa 2016 watafiti waliipeleka Migori. Wanawake walijichukulia sampuli wenyewe, wengine kwa kambi za kijijini, wengine hospitalini. Vijijini walipimwa karibu 6 kati ya kila 10. Hospitalini hawakufika 4. Lakini kuna uchungu hapo: kati ya waliopatikana na kirusi, chini ya nusu ndio waliofika kwa matibabu. Shirika la Afya Duniani nalo limekubali kujichukulia sampuli. Linashauri kuanza ukiwa na miaka 30, na 25 kama unaishi na HIV.

Kumbuka, kupatikana na kirusi si kupatikana na saratani. Ni onyo la mapema, na onyo linafaa tu ukitibiwa.

Nilimpigia senge simu nikamweleza yote. Kuhusu aibu hakuuliza kitu. Aliuliza hivi: "Na nikipatikana nacho, natibiwa hapa Roret ama mpaka nipande gari hadi Kericho, na majani niachie nani?"

Mimi sina jibu. Wanaokuja kutuomba kura wanafaa kuwa nalo. Tuwaulize.