Kalehe: Kutoka kichwa cha mpagazi hadi paa la gari, historia ya sanduku lenye kufuli

Wasafiri wa barabara ya kitaifa nambari 2, kati ya Bukavu na Goma, wanaijua sura ya gari linalopita Kalehe. Chini watu wamebanana. Juu mzigo umefunikwa bashe na kukazwa kwa kamba za mpira wa tairi. Katikati ya magunia ya mihogo, bidoni na magodoro, mara nyingi kuna kitu kimoja chenye kadena: sanduku la bati la mwanafunzi wa internati, au kasha la chuma la mchuuzi. Mara chache zaidi hupita jipu la wageni lenye masanduku ya alumini yaliyofungwa kwa bolti kwenye portbagaji, ndani mna hema, jiko na vyombo vya kulala porini.

Masanduku hayo hayafanani kwa bei, lakini yametoka katika historia moja. Ni historia ya watu waliopita na mali zao kwenye ukingo wa ziwa Kivu, na ya swali ambalo limeulizwa katika kila kizazi: nani anabeba mzigo, na nani anashika ufunguo?

Kufuli lilitangulia gari

Maneno yenyewe yanaonyesha njia. Sanduku na kufuli yametoka katika Kiarabu, kasha limetoka kwa Wareno, na kadena, linalosemwa sana Bukavu na Kalehe, limeletwa na Kifaransa. Kila aliyekuja na biashara au utawala alikuja pia na namna yake ya kufunga mali.

Katika misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani ya Bahari ya Hindi kwenda maziwa makuu, mzigo wa mpagazi mmoja ulikaribia frasila 2, yaani kilo 32 hivi. Nguo zilifungwa kuwa mtumba, na ndilo neno ambalo hadi leo huitwa nguo kuukuu huko Tanzania na Kenya. Shanga zilitiwa katika mifuko. Vitu visivyotakiwa kulowa wala kuguswa, kama dawa, risasi, vitabu na vyombo vya kupimia, viliwekwa ndani ya masanduku yenye kufuli. Ukubwa wa sanduku ulipimwa kwa shingo ya mtu: likizidi nguvu za mtu mmoja, lilihitaji wawili na mti wa kulitundika katikati.

Jioni msafara ulipotua, mahali pale paliitwa kambi. Mizigo ilirundikwa pamoja na walinzi wakakaa kando yake. Ufunguo ulikuwa kwa mkuu wa msafara. Mpagazi aliweza kubeba sanduku kwa miezi bila kujua lilikuwa na nini ndani.

Kwa namna hiyo masanduku ya Wazungu yalifika pia ziwa Kivu. Mjerumani Gustav Adolf von Götzen aliliona ziwa hilo mwaka 1894, akitoka pwani kupitia Rwanda. Miaka ya 1907 na 1908 alifuata Adolf Friedrich wa Mecklenburg na wataalamu wake. Wahavu, ambao makao yao yako Kalehe na pia katika kisiwa cha Idjwi, walikuwa tayari na chombo chao cha kubebea: mtumbwi. Pale ambapo milima inashuka hadi majini, mzigo ulivuka ziwa kwa makasia bila kupanda mlima.

Mzigo unapanda juu ya paa

Chini ya utawala wa Wabelgiji, Bukavu ikaitwa Costermansville, na mashamba ya kahawa, chai na kwinini yakaenea katika milima ya Kivu. Barabara zilichimbwa kwa majembe ya wakaaji, wengi wao wakilazimishwa. Lori likaanza kuchukua kazi ya shingo. Lakini lori lilihitaji watu wa kupakia na kupakua, kwa hiyo mpagazi hakutoweka. Alipewa nafasi nyingine, juu ya mzigo.

Wakati huohuo Wazungu walikuwa wakijaribu kusafirisha kambi nzima kwa injini. Mwaka 1924 kampuni ya Citroën ilituma magari manane, yenye mikanda ya mpira badala ya magurudumu ya nyuma, kuvuka Afrika kutoka Algeria. Yalipita kaskazini mwa Kongo hadi Kampala, na safari iliisha Madagaska mwaka 1925. Hayakufika Kalehe. Hata hivyo yalionyesha kwamba hema, maji, chakula na vyombo vya fundi vinaweza kusafiri ndani ya masanduku yaliyopangwa katika gari, kila kitu na mahali pake.

Baada ya vita vya pili vya dunia jambo hilo likawa rahisi zaidi. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1948. Mwaka 1951 Toyota ikatengeneza jipu ambalo baadaye liliitwa Land Cruiser. Magari hayo yalikuwa na paa lenye mfereji wa maji pembeni, na juu ya mfereji huo ndipo mafundi walipokaza miguu ya portbagaji. Sehemu ya ndani ikabaki kwa watu. Sanduku likapanda juu, na kufuli likapanda nalo, kwa sababu aliyekaa chini hawezi kuona mkono wa aliye juu.

Hema katika msitu wa Kahuzi

Mwaka 1970, kwa juhudi za Mbelgiji Adrien Deschryver, hifadhi ya taifa ya Kahuzi-Biega iliundwa ili kuwalinda sokwe, ikiwa na kilomita za mraba 600 hivi. Mwaka 1975 ilipanuliwa hadi 6,000 hivi, na mwaka 1980 UNESCO ikaiandika katika urithi wa dunia. Sehemu yake iko katika teritware ya Kalehe, na watu wa Kalonge na Bunyakiri ni majirani zake.

Watalii walikuja na majipu yao. Masanduku ya juu ya paa yalikuwa na kila kinachohitajika ili mtu alale porini kwa hiari yake: hema, blanketi, taa, sufuria, chakula cha kopo. Kufuli lilizuia wezi na pia wanyama wanaovutwa na harufu ya chakula.

Katika miaka hiyohiyo Batwa, waliokuwa wakiishi ndani ya msitu huo tangu mababu, walifukuzwa. Waliondoka bila gari na bila sanduku. Mgeni mwenye hema alikuwa na kibali cha kuingia katika msitu, mwenyeji mwenye kibanda hakuwa nacho. Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza uamuzi uliowapa Batwa hao haki dhidi ya serikali ya Kongo. Historia ya kupiga kambi Kahuzi haiwezi kusimuliwa bila kuwataja.

Neno kambi lilipobadilika

Mwaka 1994 zaidi ya wakimbizi milioni moja kutoka Rwanda waliingia Zaire. Kandokando ya barabara ya Bukavu kwenda Kalehe zikasimama kambi za Kashusha na Inera. Mwaka 1996 vita vikazivunja. Mwaka 1997 Kahuzi-Biega ikaandikwa miongoni mwa urithi wa dunia ulio hatarini, na watalii wakawa wachache. Tangu hapo, ukimwambia mtoto wa Kalehe neno kambi, hafikirii likizo. Anafikiria hema za plastiki na watu waliokimbia.

Portbagaji nayo ikabadilika kazi. Magari meupe ya mashirika ya misaada yalichukua nafasi ya majipu ya watalii, na masanduku yao yenye kufuli yakabeba dawa, redio na vipuri. Magari ya wakaaji yalibeba nyumba nzima: godoro, sufuria, mbuzi, na watoto wameketi juu.

Mei 2023 mafuriko ya Bushushu na Nyamukubi yaliua zaidi ya watu 400. Waliookoka hawakuwa na kitu cha kufungia kufuli. Februari 2024 mapigano karibu na Sake yalikata barabara ya Goma, na mzigo wa Minova ukarudi majini kama wakati wa mababu. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama ikikaribia Goma, na makumi ya watu wakafa. Mwanzoni mwa 2025 vita vikapita Minova na Kalehe hadi Bukavu, na familia nyingi zikapaki tena.

Namna sanduku linavyofungwa vizuri

Historia hii imewaachia mafundi na mashofa maarifa yanayofaa kujulikana na kila anayepakia.

Kwanza ni uzito. Gari ndogo nyingi zimetengenezwa kubeba kilo 50 hadi 100 hivi juu ya paa, na jipu kubwa kilo 100 hadi 200. Hesabu hiyo inajumlisha portbagaji yenyewe na sanduku likiwa tupu. Kinachozidi kinavuta gari upande katika kona, na kona za Kalehe zinatazama ziwa. Vitu vizito, kama maji, betri na vyuma, vikae chini ndani ya gari. Juu viende vyepesi: hema, magodoro, nguo.

Pili ni bolti. Sanduku likae juu ya vyuma vinavyokingama, si juu ya bati la paa. Bolti zipenye sakafu ya sanduku, vichwa vikiwa ndani, na chini ya kila kichwa kuwe na washa pana ili bati lisipasuke. Nati zinazokazwa kwa vidole hufunguliwa pia kwa vidole, hivyo zitumike nati za kujikaza, na nyuzi zake zikishakazwa zipondwe kidogo. Kifuniko kikifungwa kwa kadena, mwizi hafiki kwenye vichwa vya bolti, na kufuli moja linalinda vitu pamoja na sanduku lenyewe.

Tatu ni kipande cha mpira kati ya chuma na chuma, ili visisagane, na mpira mwingine kwenye mdomo wa kifuniko kwa ajili ya vumbi na mvua. Baada ya kilomita 50 za mashimo, gari lisimame na kila bolti ikazwe upya. Kamba ipitishwe juu ya sanduku hata kama bolti ni mpya.

Mwanafunzi mwenye sanduku la bati hana bolti. Sanduku lake liwekwe katikati ya paa, lilale kwa ubapa, jina liandikwe ndani ya kifuniko, na mzazi amwonyeshe konvwayeri kabla gari halijaondoka. Na mtu asipandishwe juu kulilinda. Tangu wakati wa wapagazi, sanduku limekuwa na kufuli na aliyelibeba hakuwa na chochote cha kumlinda. Katika barabara ya Kalehe, jambo la kwanza la kubadilisha ni hilo: mzigo ubaki juu, watu wote washuke chini.