Mchungaji William Jones: Mtumwa Aliyefungua Mlango

Tunapoadhimisha jubilei ya kwaya yetu, tumeona vyema kumkumbuka mhubiri wa Pwani ambaye jina lake halitajwi sana siku hizi: Mchungaji William Jones wa Rabai.

Sisi wa Kwale tunaijua Shimoni na pango lake la watumwa. Mateso ya utumwa Jones aliyapitia mwenyewe. Alikuwa Myao, akatekwa akiwa mtoto. Alipokombolewa, alilelewa India katika shule ya misheni karibu na Nasik. Mwaka 1864 alikuja Pwani kusaidia kazi ya mmishonari Rebmann.

Mwaka 1885 Askofu James Hannington alimweka wakfu kuwa shemasi pamoja na Ishmael Semler. Mwaka huohuo Jones alifuatana na askofu katika safari ya Uganda. Walipofika kwa Mumia, askofu alitangulia na watu 50, akamwachia Jones msafara uliobaki. Askofu aliuawa Busoga mwezi Oktoba. Jones aliurudisha msafara hadi Rabai Februari 1886, ukipeperusha bendera ya buluu yenye neno Ikabodi, yaani utukufu umeondoka.

Lakini Jones hakukata tamaa. Watumwa waliotoroka mashamba ya Pwani walikimbilia Rabai, naye akawapokea. Mwaka 1888 mabwana zao walidai warudishwe. Baada ya mvutano mkubwa, George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki alikubali kulipa fidia. Tarehe 1 Januari 1889, watoro zaidi ya 1,400 wa vituo vya misheni walianza kupewa hati za uhuru, wengi wao wakiwa wa Rabai. Jones alipata ukasisi mwaka 1895.

Tukisoma Walawi 25, tunaona kwamba jubilei si keki na sare mpya tu. Ni mwaka wa kutangaza uhuru. Jones aliutangaza mimbarani, kisha akawapa watoro mahali pa kulala, akijua hatari yake.

Leo wapo wanaobisha kwetu: binti anayekimbia kuozwa mapema, kijana aliyetoka jela na jamaa wamemkataa. Wakisikia tunavyoimba, wataingia. Je, watapata nafasi ya kuketi? Swali hilo tunajiuliza sisi kwanza, kabla ya kuwauliza ninyi.

Karibuni sana. Bwana asifiwe!